Msiba Uliofutwa Pamoja na Uchafu

Darasa la saba sikumaliza, lakini nina maduka mawili Kariakoo, na grupu la simu la mtaa wetu nililianzisha mimi, tuitane kwenye misiba. Matapeli wakaingia. Kutwa nzima dawa za nguvu za kiume na mikopo ya uongo. Nikimtoa mmoja, wanaingia watatu. Kinyaa kilinishika, nikawa nafuta kila ujumbe bila kusoma, na wenzangu vilevile.

Jirani yetu fundi cherehani akafariki. Jeneza lilibebwa na watu sita mpaka makaburini, hakuna wengine wa kuwapokea zamu.

Habari nilizipata jioni, nikaenda kutoa pole. Mwanawe akaniambia, “Shikamoo, baba mkubwa. Mbona nilituma kwenye grupu lako tangu asubuhi?”

Nikaitoa simu mfukoni. Grupu nililivunja palepale mkekani.