Mguu wa Kushoto wa Kabureta

Kaka yangu anaitwa Kabureta na wala hakasiriki. Jina alilopewa na mama yetu siku hizi analitumia daktari tu. Kazi yake ni kuchonga funguo. Ana kibanda pembeni ya barabara, mashine moja, na ukuta mzima wa funguo zilizotundikwa utadhani zimeanikwa zikauke. Mimi nashona viti vya magari mlango wa pili kutoka kwake, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Ukimuuliza mtu habari za Kabureta hatakwambia habari za funguo. Atakwambia habari za gari. Gari dogo la bluu, kuukuu, limewazidi umri watoto wake wote, vioo vya kuzungusha kwa mkono, mlango mmoja wa nyuma unaofunguka kwa ndani tu. Kuliwasha kulikuwa na adabu zake. Unavuta choki kidogo, unakanyaga mafuta, unasubiri, unasema neno zuri, ndipo unageuza ufunguo. Nusu ya madereva wa mtaani kwetu walijifunzia humo, kaka akiwa pembeni anawakemea. Majirani walilibatiza Bi Mkubwa, kwa sababu kila Jumamosi kaka aliliosha gari kwanza ndipo akaoga mwenyewe. Wifi yangu alicheka nao. "Mimi mke mdogo," alikuwa akiwaambia wageni. "Mwenye nyumba yuko nje, mmepita mmemwamkia?"

Jumamosi hiyohiyo alasiri walikutana Wazee wa Boneti, kwenye gereji ya Spana, fundi wa redieta, rafiki wa kaka tangu ujana. Wanaume wenye mvi, kila mmoja na gari lake bovu, wanafungua boneti na kutega sikio. Hakuna anayetengeneza kitu. Wanasikiliza.

"Hiyo vali."

"Vali gani? Ni plagi."

"Wewe masikio yako yana nta."

Kisha wanakumbushana safari za zamani na milima waliyoipanda kwa gia ya pili, na kila mwaka mlima unazidi kurefuka. Magari mapya waliyaita simu zenye matairi. Neno la Spana hilo, na alilitoa kama mtu anayetema mbegu.

Nilikuwa nawacheka. Niliacha kucheka siku wifi alipokaribia kutukimbia duniani.

Wifi ana pumu. Siku ile ilimbana asubuhi, dawa yake ya kuvuta ikagoma kumsaidia, kaka akambeba mpaka kwenye Bi Mkubwa, mimi nikarukia nyuma. Hospitali iko juu ya mlima. Katikati ya mlima Bi Mkubwa akakohoa, akatikisika, akazima. Kaka akavuta choki, akakanyaga, akabembeleza. "Twende mama, twende mama," analiambia gari, na mama mwenyewe yuko pembeni yake midomo inabadilika rangi! Nilishuka nikasimama katikati ya barabara nimetandaza mikono mpaka gari la mboga likasimama. Wifi akafika hospitali amelala juu ya magunia ya kabichi. Kaka hakuja nasi. Alibaki kumzuia Bi Mkubwa asirudi nyuma akaua watu. Ni kweli, breki ya mkono ilikuwa ya kubahatisha. Lakini wifi aliona alichokiona: yeye anapelekwa kufa au kupona, mumewe amebaki na gari.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Baba watoto," alisema, "gari lile sipandi tena. Jumamosi ikifika bila gari jingine la kunifikisha hospitali, naenda kukaa kwa binti yetu. Kwake hospitali ni kuvuka barabara tu."

"Utakaa mpaka lini?"

"Sijasema mpaka lini. Nimesema naenda."

Akashusha begi kutoka juu ya kabati, akapanga nguo, akaliweka sebuleni. Wiki ile kaka alikuwa akipita pembeni ya begi lile kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Chakula alikigusa akakiacha. Hela ilikuwepo, walikuwa wameuza kiwanja, hilo lisikusumbue. Kilichokosekana ni moyo wa kusema kwaheri. Nilimkuta kibandani ameshika ufunguo wa mteja, mashine inazunguka, hachongi kitu.

"Kaka, unangoja nini?"

"Nafikiri."

"Fikiri haraka. Mwenzio ameshakunja hadi khanga."

Jumamosi tukaenda yadi ya magari, kaka, wifi, Spana na mimi. Wifi alikuja na begi lake. "Nikitoka hapa najua mwenyewe naelekea wapi," alisema, akaketi kwenye benchi la wateja, begi miguuni.

Dalali alikuwa mwanamume wa mkufu na viatu vyenye ncha. Akatuonyesha gari dogo la kijivu, safi, si jipya sana. "Hili mzee halina klachi. Gia linabadili lenyewe. Wewe ni kukaa tu."

"Kukaa tu hata kwenye kochi nakaa," kaka akajibu. Lakini akaingia. Akageuza ufunguo, akatega sikio, akakunja uso. Akageuza tena. Gari likatoa ukelele wa chuma kusaga chuma, dalali akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Limeshawaka mzee! Limeshawaka!"

"Limewaka? Mbona halisemi?"

Spana akacheka mpaka akashika mbavu. Wifi hakucheka. Macho yake yalikuwa kwa mumewe tu, yanampima.

"Toka humo," Spana akamwambia kaka. "Njoo uone gari."

Akamvuta nyuma ya ofisi ya dalali, nikawafuata, maana Spana nilikuwa simwamini. Kumbe alishapanga mambo yake. Pale nyuma lilisimama gari jeupe, pacha wa Bi Mkubwa, umbo lilelile, taa zilezile za duara. Spana akafungua boneti, akaliwasha. Lile liliongea! Uso wa kaka ulibadilika palepale. Mikunjo yote ya wiki nzima ikalainika. Akainama, akafumba macho.

"Sikia hiyo," Spana akanong'ona.

"Nasikia."

"Injini haijaguswa na mtu. Hili mlima linapanda. Mkeo anataka gari la kupanda mlima, si ndiyo? Basi hili hapa. Atakosa nini?"

Na kaka akaanza kutikisa kichwa, anakubali. Nilimwona. Mlima walishaupanda vichwani mwao na kuteremka upande wa pili. Nikageuka. Wifi alikuwa amesimama kwenye kona ya ofisi. Alikuwa amesikia yote. Alining'iniza begi begani na kurekebisha mkanda wake, taratibu, kama mtu mwenye safari ndefu.

Nikamfinya kaka mkono kwa kucha. "Geuka nyuma yako."

Akageuka. Akaliona begi begani. Injini nyeupe inaunguruma, mkono wa Spana uko juu ya bega lake, na wifi anamtazama bila hata kupepesa. Nilihesabu nimempoteza wifi. Naapa, nilikuwa tayari natafuta la kumwambia binti yao kwenye simu.

Kaka akaiteremsha boneti kwa mikono miwili mpaka ikabana.

"Tukalijaribu lile la kijivu," alisema.

"Kabureta, una akili kweli wewe?"

"Ingia kwenye gari, Spana."

Dalali alikuwa na wateja wengine, akakubali tuende wenyewe, mradi gari la Spana libaki pale na funguo zake. Spana alizitoa mfukoni kama anang'olewa jino. Akakaa mbele, kaka kwenye usukani, wifi na mimi nyuma, begi limelala mapajani mwake.

Mwanzo tulikwenda vizuri. Polepole, lakini vizuri. Tatizo lilikuwa mguu. Mtu aliyekanyaga klachi maisha yake yote, mguu wake wa kushoto una kazi yake, na mle ndani kazi hiyo haipo. Niliuona ule mguu unahangaika chini, unapapasa, unatafuta mwenzake. "Utulize," nikamwambia. "Umetulia," akajibu, na kijasho kinamtiririka shingoni.

Tukakaribia njia panda. Nyuma yetu lori la mchanga. Kaka akataka kupunguza mwendo, na mguu wa kushoto haukusubiri kuambiwa. Uliruka ukakanyaga klachi kwa nguvu zote, kama ulivyokanyaga maelfu ya mara. Klachi hakuna. Pale pana breki.

Gari lilisimama kama limegonga ukuta. Wifi akarushwa kifua kikagonga kiti cha mbele. Nyuma honi ikalia, matairi yakalia, nikageuka nikaona uso wa lori umejaa kwenye kioo chetu chote, naona hadi wadudu waliokufia kwenye chuma chake. Nikafumba macho. Nilipofumbua lilikuwa limesimama, kiganja hakipiti katikati.

Dereva wa lori akashuka. "We mzee! Nani alikupa leseni? Umeiokota?"

Kaka, aliyefundisha nusu ya mtaa kuendesha, alitazama mbele tu. Mikono imeganda kwenye usukani. Ndipo nikasikia filimbi nyembamba pembeni yangu. Kifua cha wifi kilikuwa kimeanza kubana.

Akavuta dawa. Akavuta tena. Filimbi ikazidi kuwa nyembamba. Akanishika mkono, vidole vyake vya baridi.

"Kaka, hospitali! Sasa hivi!"

"Siwezi. Mikono inatetemeka. Spana, endesha wewe."

"Mimi?" Spana macho yalimtoka pima. "Gari hizi sijawahi hata kuziegemea! Mguu wangu mbaya kuliko wako!"

"Wanaume wawili na mguu mmoja mnaushindwa!" niliwapigia kelele. "Mikono itetemeke huku unaendesha. Na huo mguu vua kiatu, ukunje, ukalie! Ukalie, kaka!"

Alivua kiatu, akaukunja mguu wa kushoto chini yake kama mtoto kwenye benchi la shule. Akaondoa gari.

Mlima ni uleule. Mahali ni palepale. Tulipofika pale Bi Mkubwa alipozimia, mlio wa injini ukashuka, gari likawa zito, na sasa mkono wa kushoto wa kaka ukafanya yale ya mguu, ukakimbilia gia. Spana akaudaka hewani.

"Usiguse!"

"Linataka gia ya pili, hulisikii?"

"Nalisikia! Acha! Litajua lenyewe!"

Yalimtoka Spana hayo, mwenye simu zake zenye matairi, na sauti ilikuwa ya mtu anayetapishwa. Akaubana mkono wa rafiki yake kwa mikono yote miwili. Gari likasita. Kisha likanguruma kidogo, likajibadilisha, likapanda. Hakuna aliyepumua mle ndani ila wifi, na yeye kwa shida.

Hospitali wakampokea mlangoni, wakamfunga kinyago cha mashine ya mvuke. Kaka aliingia naye akichechemea, mguu mmoja una kiatu, mmoja soksi, akakaa kitako kando ya kitanda. Baada ya muda mlinzi akachungulia. "Nani mwenye gari la kijivu? Limeziba lango, mlango uko wazi, linaunguruma." Kaka hakuinuka. Hakugeuza hata shingo. Spana ndiye aliyetoka kwenda kumbembeleza mlinzi na kulisukuma gari litoke langoni.

Filimbi ilipokwisha, wifi akakivuta kinyago kando.

"Gari halina kosa," alisema. "Limepanda. Linunue."

"Nitanunua leo."

"Lakini kwa mguu ule mimi sipandi. Naenda kwa binti."

Kaka akainamisha kichwa. "Nilijua."

"Hujajua kitu, sikiliza. Jifunze. Ukishajua, uje unichukue."

"Kwa hiyo utarudi?"

"Baba watoto, mtu huchukuliwa ili abaki alipo?"

Basi Kabureta akanunua gari la kijivu, na Bi Mkubwa akahamia gereji kwa Spana. Kisha akafanya jambo ambalo mtaa mzima ulilisikia: alijiandikisha shule ya udereva, pamoja na watoto wasiojua hata usukani unaelekea wapi. Mwalimu wake alikuwa mwanamke mfupi mwenye rula. Kila mguu wa kushoto ulipoinuka, rula ilitua gotini. Wazee wa Boneti walikuja kusimama kwenye uzio, wanacheka hadharani. "Kabureta, umerudi darasa la kwanza!" Yeye anazunguka uwanja, midomo ameibana, hawatazami.

Siku ya kwenda kumchukua wifi nilikaa kiti cha nyuma. Nilishikilia roho mkononi tulipopita njia panda ile, na mguu ulitulia. Wifi akatoka kwa binti yake, akafungua mlango wa mbele, lakini kabla ya kuingia akainama kutazama chini ya usukani.

"Leo viatu viwili?"

"Viwili."

Akaingia. Akafunga mlango. Kisha akaweka mkono wake juu ya goti la kushoto la mumewe, akalikandamiza chini kama mtu anayefunika sufuria. Kaka akaondoa gari, na mkono ule haukuinuka pale mpaka tulipofika nyumbani.