Nilimsema Mke Wangu kwa Kisamia, Mama Mkwe Yuko Jikoni

Jina langu niachieni, maana Busia ni ndogo na watu wameshanicheka vya kutosha. Mwenye makosa ni mimi. Si mke wangu, si wakwe, si serikali ya Uganda. Ni mimi na huu mdomo!

Mimi ni Msamia wa Busia, upande wa Kenya, fundi wa kuchomelea mageti. Nilipata kazi kwenye karakana moja Tororo, ng'ambo Uganda, na bosi akanifanyia kibali cha kazi. Ubaya wa kibali ni kwamba kinakufunga kwa bosi. Mkigombana, kazi imekwisha na kibali kimekwisha. Nami nilitaka karakana yangu mwenyewe. Mafundi wenzangu wakanishauri nioe huko huko Uganda, nipate ukaazi wa kudumu, nijitegemee. Nikajiona mjanja kweli kweli!

Nikampata Athieno, muuza vitenge sokoni Tororo, Mpadhola, kwao kijiji cha Kirewa. Mcheshi, mchapakazi, na alinipenda, maskini! Siku ya kutambulishwa kwao, msemaji wa familia alisimama akaeleza ukoo mzima, baba katoka wapi, mama katoka wapi. Mimi nilikaa pale na suti ya kuazima, nawaza muhuri wa uhamiaji. Sikushika hata neno moja.

Sasa, mama mkwe kwetu anaheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono, humsogelei, hampigi soga. Wapadhola nao ni hivyo hivyo. Mila hiyo mimi niliishika nikapitiliza. Akitokea mlangoni, naangalia migomba! Watu wakanisifu kwamba nina adabu. Kwa adabu hiyo, hata sauti yake sikuwahi kuisikia.

Baada ya harusi Athieno alibaki kwenye chumba chake Tororo. Mimi nililala kwangu Busia, nikaenda kwake Jumamosi tu. Nikishika helmeti ya pikipiki niondoke, ananiuliza kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Wewe nakwenda tena? Si ulale leo?"

Namjibu kwamba mpaka utafungwa. Mpaka gani, jamani, na malori yanapita usiku kucha!

Lakini polepole nikaanza kwenda na Jumatano. Kisha Alhamisi. Sikuwa na sababu, nilikuwa namkumbuka tu. Hilo sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe.

Ikafika Jumapili moja, tuko Kirewa. Wiki hiyo ndiyo tulikuwa tuende pamoja ofisi ya uhamiaji, Athieno athibitishe kwamba mimi ni mume wake. Kaka yangu akapiga simu. Kule mtandao unashika nyuma ya jiko tu, basi nikaenda kusimama hapo. Akaanza kunitania, eti nimeolewa Uganda. Nikaona aibu. Nikamjibu kwa Kisamia, tena kwa sauti, nikijua pale wote ni Wapadhola.

"Nani kaolewa? Huyu ni daraja tu. Nikipata karatasi narudi nyumbani, natafuta mke."

Tukacheka! Chakula kikaletwa, kuku na firigisi yake, heshima ya mkwe. Nikala mpaka nikalamba vidole.

Wakati wa kuondoka, mama mkwe akatoka jikoni. Akasimama mbali, kanipa mgongo kama mila inavyotaka, akasema kwa Kisamia safi cha kwetu, "Msalimie kaka yako. Mwambie daraja limekatika."

Kumbe ni mzaliwa wa Busia! Ndiyo yale msemaji aliyoyaeleza siku ile, mimi nikiwaza muhuri.

Athieno hakupanda pikipiki. Mama yake alikuwa ameshamwambia yote.

"Nilikuwa natania," nikasema. "Mimi nakupenda." Na ilikuwa kweli, wallahi! Ila ndiyo mara ya kwanza kumwambia.

"Leo ndiyo wewe nasema?" akaniuliza, taratibu tu. Afadhali angenitukana. "Mimi hapana kwenda kwa hiyo ofisi. Wao nauliza kama wewe ni bwana yangu, mimi nasema nini?"

Wazee wetu wameshakwenda Kirewa kuniombea msamaha. Walikaribishwa chai, wakanywa, wakarudi.

Basi niko kwa bosi yule yule na kibali kile kile, nacheka vichekesho vyake hata visivyochekesha. Karakana yangu imebaki kichwani. Hiyo nimeizoea. Jioni ndiyo inaniumiza. Navuka mpaka mapema, jua bado liko juu, najipikia ugali, na simu ya kaka sipokei.

Wewe unayepanga kuoa kwa ajili ya karatasi, cheka, lakini nisikilize. Kama kuna mtu anakuuliza, "Si ulale leo?", ndugu yangu, vua helmeti ulale.