Kicheko Nisichokielewa

Kuna alasiri moja, mwanangu, ambayo nikishika gitaa vidole vyangu huikumbuka kabla yangu. Ilikuwa Liboi, kule mpakani, katika ua wa harusi uliozibwa kwa mikeka na mashuka, ndani wanawake peke yao, na mgeni nikiwa mimi peke yangu. Lakini nisikimbize maneno. Jana uliniuliza kama onyesho lako dogo la pale hotelini ulifanyie mazoezi mpaka liteleze, au upande uimbe kama moyo utakavyokutuma. Nitakujibu kwa yaliyonipata, maana mzee akikujibu kwa neno moja amekunyima.

Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Kitui, nimepelekwa kufundisha Garissa. Gitaa nilifundishwa kanisani, na kiongozi wa kwaya aliyekuwa akisimamisha wimbo mzima kwa sababu ya sauti moja iliyochelewa. Basi nikawa mtu wa kunyoosha. Nilijua wapi nitavuta pumzi na wapi nitatabasamu. Jirani yangu Habiba, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa kinyume changu. Alipiga ngoma na kughani buraanbur, yale mashairi ambayo wanawake wa Kisomali huimbiana katika shughuli zao. Jioni moja alinisikia nikipiga gitaa uani, akaja na ngoma yake bila kualikwa. Tangu hapo tukawa tunaitwa pamoja kwenye nyua za akina mama, harusi hii, aqiqa ya mtoto ile.

Tatizo lilikuwa moja. Tukiwa katikati ya wimbo tulioufanyia mazoezi, Habiba angeuacha. Angemwona mama fulani akiingia, angepiga ngoma kwa namna nyingine, angetoa ubeti, na ua mzima ungecheka. Mimi Kisomali sikukijua zaidi ya salamu. Ningebaki na gitaa mapajani kama mtu aliyeachwa na gari. Kisha nikaanza kulisikia neno moja ndani ya beti zile: maalimad. Hilo nililijua, ndilo watoto waliloniitia shuleni. Maana yake ni mwalimu mwanamke.

Nilimuuliza mama wa mwanafunzi wangu mmoja, "Habiba amesema nini juu yangu?"

Akaangalia pembeni. "Ah, mwalimu, ni maneno ya ngoma tu."

Mwanangu, ukitaka kumtia mtu shaka, mjibu hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Nikaanza kumchunguza Habiba kama askari wa kizuizi cha barabarani anavyochunguza mzigo. Akicheka na wenzake sokoni, nilijua ni mimi. Akinyamaza nikifika, nilijua zaidi. Na siku moja nikipita nyuma ya ua wake nikamsikia akighani peke yake, maalimad ndani ya ubeti, anasimama, anabadilisha neno, anarudia. Nilisimama pale juani. Kumbe yale aliyoniapia kwamba humjia papo hapo, alikuwa akiyapika nyumbani. Ananicheka, na tena anafanyia mazoezi kunicheka.

Sikumwambia kitu. Tulipoitwa Liboi nilikwenda, lakini moyoni nilishaazimia: nitapiga wimbo wangu tangu mwanzo mpaka mwisho, na akiuacha njiani, atauacha peke yake.

Tulifika tumejaa vumbi, tumepekuliwa njiani mpaka tundu la gitaa likamulikwa kwa tochi. Ndani ya ua nikakuta macho mengine ya upekuzi. Nilianza kupiga. Nilipiga vizuri, nasema bila haya. Hakuna sauti iliyochelewa. Lakini hakuna mkono uliopiga kofi. Wanawake walinitazama kama wanaonisikiliza kupitia ukuta. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mimi sikuwa kwetu.

Ndipo bibi mzee, nyanya wa bwana harusi, akainua fimbo yake. Ngoma ikanyamaza, gitaa likanyamaza. Alisema kwa Kisomali, polepole. Pembeni yangu alikaa Fatuma, binti wa ile nyumba aliyesomea Garissa, akanitafsiria kwa sauti ya chini: "Anauliza wewe ni nani. Anasema watu wa serikali huja na vitu vizuri. Anauliza kama kuna kamera ndani ya huo mti."

Nilimtazama Habiba. Nilitarajia atacheka, au atanikana. Badala yake alivuta ngoma, akatoa ule ubeti niliousikia nyuma ya ua. Neno kwa neno. Fatuma akaendelea kunong'ona: "Anasema, huyu ni maalimad, alikuja na mti unaosema. Watoto wetu walikuwa wanameza dawa kwa kubahatisha, sasa wanasoma kilichoandikwa kwenye chupa. Anasema, amekunywa maziwa yangu, nani atamwita mgeni."

Nilihisi uso ukinichoma. Lakini usidhani ua ulilainika hapo. Yule bibi alitikisa kichwa, na Fatuma akasita kabla ya kunifasiria. "Anasema maneno ni mazuri mno. Yamelala usiku mmoja. Anasema, huyo maalimad mwenyewe hana mdomo?"

Habiba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na ubeti. Na ule wimbo wangu ulionyooka haukuwa na mahali pa kuweka macho ya yule bibi.

Basi nililaza gitaa mkekani, nyuzi juu, ili aone hadi ndani. Nikainua viganja vitupu, nikamwambia kwa Kisomali changu kibovu, "Ayeyo, nifundishe." Ayeyo ni nyanya. Nikapiga kofi nilivyodhani ndivyo makofi yao yalivyo. Nilikosea. Akapiga yeye, mara moja, kavu. Nikamfuata, nikakosea tena, na wanawake wakaanza kucheka. Safari hii nilijua wanacheka nini, na kujua kulinitosha. Alinirekebisha kwa fimbo, akiigonga chini, mpaka nikaipata. Wengine wakaingia. Nikalichukua gitaa taratibu, nikaliweka ndani ya makofi yao, na vidole vyangu, vilivyosumbuliwa miaka na yule kiongozi wa kwaya, vilijua pa kwenda bila kuniuliza. Habiba akaja na ngoma. Tulicheza mpaka kivuli cha ukuta kikafika kwa bibi harusi.

Njiani kurudi nilimuuliza Habiba kwa nini hakuniambia habari za ubeti ule.

"Nilijua siku moja mtu atauliza wewe ni nani," alisema. P yake ilikuwa b na v yake f, nami niliizoea mpaka nikaipenda. "Nikikuambia mabema, utakaa kama mtu anangoja sifa. Watu wataona."

"Na siku zile zote walipokuwa wakicheka?"

Alifikiri kidogo. "Abaayo, dada yangu, siku nyingine walikucheka kweli. Unahesabu na mdomo. Moja, mbili, tatu, kama mbuzi anatafuna."

Kwa hiyo shaka yangu haikuwa ya bure, ingawa ilikuwa imekamata mtu asiye wake. Nilimuuliza pia kama kweli hukariri kila kitu. Akasema, "Mimi nakariri mlango. Nyumba sikariri. Nikishaingia, naangalia nani amekaa wabi."

Sasa sikiliza, mwanangu. Fanya mazoezi mpaka vidole visikuulize kitu, kwa sababu mtu anayetafuta uzi wa gitaa hawezi kutazama nyuso. Jua utakavyoingia na utakavyotoka. Katikati uache wazi, na usiogope akiingia humo mtu usiyemtarajia. Usiigize kwamba jambo limekujia ghafla; ukiwatupia mzaha ulioulaza nyumbani, wapo watu wazima watakaosikia kuwa mzaha huo umelala, nao hawatakuamini tena hata ukisema kweli. Na ukisikia kicheko usichokielewa, usikae nacho moyoni kikaota mizizi. Uliza. Ukijibiwa vibaya, uliza tena, kwa mtu mwingine.

Nenda basi hotelini kwako. Mungu akupe mikono mitulivu na macho yasiyojitazama yenyewe. Wanaokuja wamekukunjia uso warudi makwao wakiuimba wimbo wako, nawe usikose wa kukukosoa akiwa anakupenda. Amin.