Ukuta wa Makombo wa Kocha Tackett

Tangu nimfahamu Kocha Verlin Tackett alikuwa mtu wa hasira, na haki alikuwa nayo. Kazi yake katika timu yetu ya Toledo, ya futiboli ya Kimarekani, ilikuwa kufundisha watu watano wa mbele, sisi manyangumi tunaomkinga mrushaji wa mpira asiangushwe. Kila Aprili, timu zinapochagua vijana kutoka vyuoni, alimwomba meneja mkuu, Prentiss Hale, mtu mmoja tu wa raundi ya kwanza. Kila Aprili Hale alichukua mkimbiaji au mdakaji mwenye sura ya kuuzia fulana. Tackett akaachiwa raundi ya sita na ya saba, watu wameshazima televisheni zao.

Huko ndiko nilikookotwa mimi, Dale Wojcik.

"Mikono mifupi kama ya mamba," aliniambia siku ya kwanza. "Basi miguu iwahi, la sivyo rudi kwenu ukakamue ng'ombe!"

Lonnie Fauntleroy, mtu wetu wa katikati, alikuwa amepasuliwa goti mara mbili. Wengine watatu hawakuwa na nafuu. Magazeti yakatuita Makombo.

Tackett alitufundisha kwa matusi. Asubuhi nzima hatua moja tu, ile ya kwanza, mpaka nyasi zing'oke. Tulimchukia. Lakini mwaka wa pili Lonnie akiguna tu, wote wanne tunajua pa kwenda. Msimu ule mrushaji wetu aliangushwa mara kumi na moja, chache kuliko wa timu nyingine yoyote. Hale akajitokeza kwenye televisheni, meno yote nje: "Niliwaona mapema hawa."

Aprili iliyofuata akachagua mtu wa raundi ya kwanza. Wa katikati! Lonnie aliziona habari hizo akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Siku mbili baadaye akaachishwa kazi kwa simu.

Nilikuwa nimempeleka klabuni kuchukua viatu vyake tuliposikia sauti ya Tackett ofisini kwa Hale.

"Miaka mitatu nakuomba, unanipa makapi! Nimeyafanya ukuta, sasa ndiyo unautoboa katikati?"

"Punguza sauti, mzee. Hii ni biashara."

"Mzee wako nani? Huyo uliyemfukuza anaitwa nani? Nitajie jina lake lote!"

Hale akasema, "Larry. Larry Fauntleroy."

Lonnie alisimama pale koridoni na viatu mkononi. Tackett alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Mechi ya kwanza ya Septemba mrushaji wetu aliangushwa mara sita. Yule kijana mpya hakuwa mbaya. Hakutujua tu, wala sisi hatukumjua. Mashabiki wakatuzomea sisi. Hale akaingia chumba cha kubadilishia nguo akitupa pole, akanyoosha mkono kwangu.

Nikauacha hapohapo hewani, nikaenda kuoga.