Mama Aliyekaa kwenye Msiba Usiokuwepo

Bi Mwanakombo alinipigia saa mbili asubuhi, nikiwa sokoni Buguruni nachagua vitunguu. Aliniuliza kwanza kama nina mtu karibu. Nikajua.

"Mama yako amepumzika, mwanangu. Nimempitia tukatembee, nikamkuta kitini, uji bado wa moto."

Muuza vitunguu akanisogezea ndoo, nikakaa.

Wengi walidhani Bi Mwanakombo ni ndugu yetu. Undugu wenyewe ulianza kwa kosa la mama.

Miaka tisa iliyopita baba alifariki, na mama yangu, Eufrazia, akaacha kutoka nyumbani kwetu Goba. Wanajumuiya wa kanisani walikuja kusali naye, akawaitikia kwa kichwa tu. Dawa za presha alikuwa hazigusi. Daktari aliniambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo, mwaka hautaisha. Nilifunga, nikasali, sikuona njia.

Jumamosi moja nilimlazimisha aende dukani. Njiani akaona wanawake wamekaa mikekani nyuma ya zahanati, kanga kiunoni, kimya, mmoja kafumba macho. Mama hakuwahi kupita msiba bila kukaa. Akavua ndala, akakaa.

"Poleni sana jamani. Marehemu alikuwa nani?"

"Hajafa mtu, mama," Bi Mwanakombo akamjibu. "Tunapima presha. Ukiongea inapanda."

"Sasa mbona mmenuna hivyo?"

"Subiri zamu yako, nawe utanuna."

Mama akacheka. Alinisimulia mwenyewe alasiri ile, nami nikaenda jikoni kulia, maana sikuwa nimesikia kicheko chake tangu tumzike baba. Presha yake ilizidi ya wote; wakampongeza kwa kushika namba moja.

Jumamosi iliyofuata alifika wa kwanza. Katika kikundi kile walipimana, walikumbushana dawa, walipanda kilima pamoja, na mwenye jambo moyoni alilisema bila kukatizwa. Ni pale mkekani ndipo alipoweza kulitaja jina la baba. Daktari alihesabu mwaka mmoja. Mungu akampa tisa.

Siku ya maziko wanakikundi walitandika mikeka ileile uani kwetu, Waislamu na Wakristo. Bi Mwanakombo akanijia na kipimo chake.

"Shikamoo, mama. Jamani, hata leo?"

"Marahaba. Mwenyewe aliniagiza. Alisema, 'Siku yangu ikifika, Jesca atajisahau.' Lete mkono, na usiongee."

Nikampa mkono. Akasoma, akatikisa kichwa.

"Umeshika namba ya mama yako. Jumamosi uje."

Misa ilianza saa saba. Tulimzika kando ya baba, makaburi ya Kibamba. Nilitupa udongo mara tatu, wanakikundi wakafuata mmoja mmoja, kwa zamu kama walivyozoea. Padri akabariki kaburi, tukaweka maua, tukasali Baba Yetu. Kisha tukarudi nyumbani.