Sambaza za Msichana wa Kibumba

Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu alipolazwa kwa kansa ya damu. Kitanda cha pembeni alilala msichana wa Kibumba, wa miaka kumi na mitatu, ugonjwa ule ule. Mama yetu akafarijika: ugonjwa mmoja, basi watapona pamoja. Mimi nilishapanga watakuja kwetu Munigi, niwasuke wote wawili.

Asubuhi moja daktari alimweleza Mama kwamba jina ni moja, lakini katika zile chembe mbaya za damu protini hazifanani. Za mtoto mdogo ni nyingine, za mkubwa ni nyingine. Ndiyo maana dawa inaweza kumsaidia mmoja na kushindwa kwa mwenzake.

Mama alishika neno moja tu. Protini. Pale tunapopimisha watoto uzito walitufundisha: protini ni maharagi, mayai, sambaza. Kesho yake akaja na sahani ya wale samaki wadogo wa ziwa letu, wamekaangwa wakakauka, akapita kitanda cha mwanawe, akamwekea yule msichana.

"Kula, mama. Munganga anasema protini zako haziko sawa."

"Mama, unataka kuninonesha kama mbuzi ya Noeli?"

"Mbuzi haina mudomo kama yako. Kula!"

Msichana akacheka, akala. Mdogo wangu akalia wivu, akapewa vichwa. Muuguzi alijaribu kumsahihisha Mama, akajibiwa kwamba chakula hakijaua mutu.

Msichana wa Kibumba alikufa kabla mvua hazijaisha. Sahani ya siku ile ilirudi nyumbani imefunikwa vile vile. Wa kwetu alipona.

Kosa la Mama tunalisimulia mpaka leo, tukicheka. Habari ya mbuzi hatuisemi. Lakini sambaza zikiingia kwenye mafuta, mimi nasikia kile kicheko.

Mwaka huu mdogo wangu ametimiza kumi na mitatu. Jana, Mama akiwa jikoni, aliniuliza polepole, akiniita yaya, yaani dada mkubwa:

"Yaya, sasa protini zangu zimekuwa za mukubwa?"

"Hapana! Ile ugonjwa ilishaisha."

Nilisema haraka mno. Mama akaingia na sahani.

"Kula, mama."

"Unataka kuninonesha kama mbuzi ya Noeli?"

Siku zile za hospitali alikuwa na miaka mitatu. Sikujua kama alisikia.

Mama akaketi karibu naye, akachukua sambaza moja kwenye sahani ile, akaanza kula naye.