Karafuu kwa Kichen Pati ya Hadija

Mama mkubwa Mwamini alibangua korosho kwa miaka kumi na tisa, kwanza kwao Malolo, kisha hapa Ruangwa mjini katika kikundi cha wanawake. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua mafuta ya maganda yanavyofanya ngozi: yanaibabua, inaota nyingine, nayo inababuka. Majivu waliyopaka mikononi yalisaidia kidogo tu. Mwishowe viganja vyake vikawa vigumu na vyeusi, viking'aa kama mpini wa jembe la zamani. Alipokwenda kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, wakala alimfutisha vidole mara sita, kisha akamuuliza kama hana vidole vingine.

"Ninavyo," alijibu mama mkubwa, "ila nimeviacha nyumbani vipumzike."

Miaka mitatu iliyopita aliacha korosho akaenda Nachingwea kwenye mafunzo ya wiki moja ya kutengeneza sabuni. Huko alipata ujuzi, na akampata Winfrida, mwenyeji wa huko, ambaye mpaka leo wanaitana mwenzangu. Sabuni yao haianzii kwenye kemikali kali. Wananunua sabuni ghafi iliyokwisha kutengenezwa, wanayoiita besi, nayo huja kwa basi kutoka Dar es Salaam ikiwa magongo meupe. Mama mkubwa huikatakata, huiyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, huiacha ipoe kidogo ili harufu isipotee na mvuke, kisha hutia mafuta ya mimea kutoka kwenye chupa ndogo nyeusi: mchaichai, mkaratusi au karafuu. Hukoroga taratibu na kumimina kwenye vikebe. Baada ya saa chache sabuni ziko tayari. Kazi yangu ni kuandika lebo. Nilipomaliza chuo na kuja kukaa naye, aliona upesi kwamba kuuza sokoni kungenimaliza, kwa jinsi nilivyo na haya, akaniambia lebo zake zinahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri. Kabla ya hapo hazikuwa na lebo.

Ana kawaida moja. Kila toleo jipya hulijaribu mwenyewe kabla halijatoka nyumbani. Hunawa mikono kwa sabuni hiyo, huacha povu likauke, halafu huendelea na shughuli zake mpaka maharage yaive. Asipowashwa, sabuni imepita. Sijawahi kumwona akiruka hatua hiyo, hata siku tulizochelewa.

Mwezi wa Julai Mama Hadija, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alikuja kuagiza sabuni sitini za karafuu. Zingegawiwa wageni siku ya Jumamosi kwenye kichen pati ya binti yake, sherehe ya wanawake ya kumfunda kabla ya kuolewa. Aliokota sabuni moja mezani, akainusa mbele na nyuma, akanitazama mimi niliyekuwa naandika lebo.

"Mwamini, sabuni zako nzuri, lakini zina haya kama huyu Sabaha wako. Mtu anaoga, anajipangusa, mumewe hajui kama ameoga."

"Mumeo ana mafua tangu nimjue."

"Wewe cheka. Watakuja shangazi zake Hadija kutoka Lindi, wale wanaosema Ruangwa tunanukia vumbi. Nataka wakifungua kimfuko, karafuu iwapige usoni."

Mama mkubwa aliipokea ile sabuni, akainusa yeye pia, nikajua limemwingia. Ilikuwa mara ya kwanza sabuni zake kwenda kwa wanawake wengi kiasi hicho kwa siku moja, na kila mmoja angemuuliza Mama Hadija ni za nani. Nachingwea walifundishwa kwamba karafuu ni kali, nusu kijiko cha chai inatosha kilo nzima ya besi. Jumatano asubuhi, kwenye kilo ya kwanza, nilimwona akitia nusu, akanusa, akatia nyingine, akanusa, akatia ya tatu.

"Imezidi, mama mkubwa," nilisema.

"Mikono ndiyo itakayosema."

Alinawa, akasubiri. Maharage yakaiva. Mikono haikusema kitu, naye akayeyusha besi iliyobaki, akaitia kipimo hicho hicho, akaimimina kwa furaha.

Jioni nilioga kwa masalia ya sabuni hiyo. Sikuwa nimemaliza kujikausha, shingo ikaanza kuwaka, kisha ndani ya viwiko, kama mtu ananipitishia upupu. Nilijimwagia maji ndoo nzima. Nilikaa chumbani nikijiambia huenda ni ngozi yangu tu, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutoka na kumwambia. Sabuni sitini zilikuwa zimepangwa mezani, na yeye alikuwa akiimba.

Nilitoka. Nilimwonyesha shingo.

"Umelalia nini?" aliuliza.

"Sabuni."

"Haiwezekani. Nimenawa nayo tangu asubuhi, mara tatu. Tazama." Akaninyoshea viganja.

Niliishika mikono yake, na hapo ndipo nilipoelewa, ingawa nilikuwa nimeiona kila siku. Nililowesha sabuni, nikamkunjia mkono wa gauni, nikampaka povu ndani ya kiwiko, pale ambapo korosho hazikuwahi kufika. Akaniacha. Akarudi kupanga vimfuko, cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tano akaanza kujikuna.

Alikaa chini. Alikiangalia kiwiko, halafu viganja, kwa muda mrefu.

"Kumbe mikono hii imekufa," alisema. "Nami naiuliza maswali."

Alinituma nikalete simu. Nilidhani anampigia Mama Hadija kuomba radhi, lakini alimpigia Winfrida.

"Mwenzangu, nimezidisha karafuu, nilitaka kuwaunguza watu kwenye sherehe. Una besi kilo nne?" Akasikiliza. "Cheka ukimaliza, Sabaha anakuja kesho kuchukua."

Alhamisi nilikwenda Nachingwea na kurudi na magongo manne kwenye mfuko wa sandarusi. Uzuri wa sabuni hii ni kwamba inayeyuka tena. Tuliyeyusha ishirini kati ya zile kali pamoja na besi mpya, tukapata sitini nyingine. Arobaini zilizobaki alizifungia kabatini, aziyeyushe hivyo hivyo besi nyingine ikija. Safari hii alijipaka kwenye kiwiko cha pili, mimi nikajipaka kwangu. Maharage yaliiva, yakaungua, hatukuwashwa.

Ijumaa alilibeba boksi mwenyewe. Mama Hadija alifungua kimfuko kimoja, akanusa.

"Mwamini, karafuu iko wapi?"

"Ipo, imekaa chini. Ya kupiga watu usoni ilikuwapo juzi, ikampiga huyu shingoni. Mwonyeshe."

Nilimwonyesha. Mama Hadija alitazama wekundu uliobaki, akatazama boksi.

"Ungeniletea zile?"

"Ningekuletea. Nilijaribu kwa mikono hii."

Mama Hadija pia alibangua korosho, miaka michache, kabla ya kuolewa. Aliitazama mikono ya mama mkubwa, kisha akaitazama yake, akiigeuzageuza.

"Lete maji," alimwambia Hadija.

Alivua bangili, akakunja mkono wa gauni mpaka juu, akapaka povu kiwikoni. Mama mkubwa alivuta kigoda, akakaa karibu naye, na sote tukawa tunakitazama kiwiko cha Mama Hadija, tukisubiri.